Punje Zisizopitisha Mwanga

Mahindi yana protini, ila ni protini yenye kasoro. Mtoto aliyeachishwa ziwa akapewa uji mweupe asubuhi na ugali jioni hushiba, lakini hapati vya kutosha laisini na triptofani, asidi amino mbili ambazo mwili hauwezi kujitengenezea.

Mwaka 1963, katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, Edwin Mertz na Oliver Nelson walipima mahindi ambayo wataalamu walikuwa wameyahifadhi kwa miongo kadhaa kama kioja tu. Punje zake hazikupitisha mwanga, na jeni yake iliitwa opaque-2. Laisini ilikuwa karibu maradufu. Panya waliolishwa mahindi hayo waliongezeka uzito zaidi ya mara 3 kuliko wale wa mahindi ya kawaida.

Shambani mambo yalikuwa mengine. Punje zilikuwa laini kama chaki na nyepesi, zikachelewa kukauka, zikaoza zingali kwenye gunzi, na ghalani fukusi wakazimaliza. Wakulima walizikataa, na sioni ni vipi wangelaumiwa. Vituo vingi vya utafiti navyo vikaachana na kazi hiyo.

Miongoni mwa vilivyobaki nayo ni CIMMYT, kituo cha utafiti wa mahindi na ngano huko Mexico. Huko Surinder Vasal, mzalishaji wa mbegu, na Evangelina Villegas, mwanakemia, walitafuta jeni za kuifanya punje iwe ngumu bila kuipokonya lishe. Punje zilipangwa juu ya kioo chenye taa chini yake. Iliyozuia mwanga wote ilikuwa laini mno, na iliyong'aa yote huenda ilishapoteza opaque-2. Walichagua za katikati, kisha maabara ya Villegas ikapima protini, msimu baada ya msimu, hadi miaka ya 1980 wakapata punje ngumu zenye lishe ileile. Mwaka 2000 walipewa pamoja Tuzo ya Chakula Duniani.

Ghana ilikuwa imeshatoa mbegu ya aina hii, Obatanpa, mwaka 1992. Tanzania nayo ikapata mbegu za Lishe kupitia kituo cha Selian, Arusha. Ila ubora huu hauonekani kwa jicho, kwa hiyo sokoni mahindi ya Lishe huuzwa bei ya mahindi mengine. Tena jeni yenyewe ni dhaifu: chavua ikipeperuka kutoka shamba la jirani, punje zilizochavushwa nayo hurudia hali ya kawaida. Anayejiwekea mbegu kwenye eka moja iliyozungukwa na mahindi ya wengine ataikinga vipi?

Marekani, mnunuzi anayejali amepatikana: mfugaji wa kuku wa kilimo hai. Kanuni zinamwekea kikomo katika kutumia methionini ya kiwandani, asidi amino nyingine ambayo kuku asiyeipata hudumaa na kunyonyoka manyoya. Ndiyo maana Walter Goldstein, huko Wisconsin, amekuwa akizalisha mahindi yenye methionini zaidi, akiyachagua kwenye mashamba yasiyotiwa mbolea ya kiwandani. Mfugaji huyo akiyapata, hupunguza soya anayoinunua kwa bei ghali, na tofauti anaiona kwenye hesabu ya chakula cha kuku.