Feni ya rejeta (pikipiki)

Feni ya umeme inayovuta hewa kupitia rejeta ili kupoza maji ya injini. Bodaboda nyingi za Dar es Salaam, kama Boxer 150, hupozwa kwa upepo tu. Rejeta hukutwa zaidi kwenye guta za mizigo zenye injini ya maji, kuanzia Mbagala hadi Tegeta. Swichi ya joto huiwasha feni, kwa kawaida maji yakifika nyuzi 90 hadi 100 za Selsiasi, na kuizima yakipoa. Feni isipowaka, fundi huchomoa nyaya mbili za swichi na kuzigusanisha: ikizunguka, mbovu ni swichi. Baadhi huweka swichi ya mkono badala yake, jambo la hatari kweli, kwani dereva akisahau kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, gasketi ya silinda huungua. Swichi ya mkono ikifungwa sambamba na ile ya joto, haina ubaya.