Huyu dada ni nani?



Kijarida nilichoanzia kazi kiliwahi kutoka na jalada lenye picha ya mrembo aliyepakuliwa kwenye intaneti. Mpiga picha alitaka alipwe, bosi akaona hasara. Toleo lilipoingia mtaani nikaenda Temeke kuchungulia kwenye meza ya magazeti. Wale wasomaji wetu wa kusimama, wanaomaliza vichwa vya habari bila kutoa hata mia, walikuwepo kama kawaida. Dada mmoja mwenye saluni akashika nakala, akaigeuza, akauliza: "Kaka, huyu dada ni nani?" Muuzaji hajui. Hata mimi sijui! Akairudisha mezani.

Kumbe swali lake ni la zamani. Mwaka 1951 kule Cape Town lilianzishwa jarida la The African Drum, limejaa ngoma za asili na mambo ya makabila. Weusi wa mjini hawakulitaka. Watu wanavaa suti, wanacheza jazi, wewe unawauzia kijiji! Mwenye fedha zake, Jim Bailey, akalihamishia Johannesburg, jina likafupishwa kuwa Drum, na Anthony Sampson akawa mhariri. Upande wa picha alikuwepo Mjerumani Jürgen Schadeberg, na kwake wakapikwa vijana kama Bob Gosani na Peter Magubane. Jaladani wakaanza kutokea waimbaji na warembo ambao msomaji aliwajua kwa majina. Schadeberg alipompiga picha mwimbaji Dolly Rathebe akiwa na bikini juu ya kifusi cha mgodi, polisi waliwakamata wote wawili, wakidhani wamevunja sheria iliyokataza mapenzi kati ya mzungu na mweusi. Picha moja tu, lupango! Lakini jarida likauzika, mpaka likawa na matoleo ya Afrika Magharibi na huku kwetu Mashariki.

Drum hao hao ndio waliowaletea wazee wetu African Film, hadithi za picha za mpelelezi Lance Spearman. Hapa nyumbani Faraji Katalambulla, yule wa Simu ya Kifo, akatoa Film Tanzania: mtindo ule ule wa picha, ila kwa Kiswahili, na wanaoigiza ni Watanzania. Ukishika nakala, sura unazikuta za kwenu.

Si Mchezo!, lililoanza hapa Dar mwaka 2003, ndilo linalonishangaza zaidi. Lilikuwa linagawiwa bure, lakini waliona ni lazima wawafuate vijana wa kawaida huko vijijini na kamera, wawapige picha za maana. Sisi tuliokuwa tunauza tukaenda kuokota sura ya bure! Toleo lile lilirudi karibu lote, tukalirundika stoo.

Nisiwachoshe. Mwenye nakala ya Film Tanzania kwenye sanduku la babu yake, tafadhali usiipeleke kwa mama wa maandazi. Nitafute.