Ushahidi Ulio Njiani: Kutoka Bwegera hadi Baraka na Fizi

Kwa Wakristo wengi wa Afrika Mashariki na Kongo, neno hija humpeleka msikiaji mbali: Yerusalemu, Roma, au Namugongo nchini Uganda. Makala haya mafupi yanakusudia kuitazama njia iliyo karibu zaidi, ile itokayo Bwegera katika bonde la Ruzizi, ikapita Luberizi, Sange na Kiliba hadi Uvira, kisha ikaufuata ufuko wa Ziwa Tanganyika kuelekea kusini mpaka Baraka, na kupanda hadi Fizi.

Jimbo Katoliki la Uvira liliundwa mwaka 1962, katika eneo ambalo Wamisionari Waksaveri walikwisha kuanza kazi. Mwaka 1964 uasi wa Wasimba uliwaka katika bonde la Ruzizi, na mwezi Mei mji wa Uvira ukatwaliwa na waasi. Tarehe 28 Novemba mwaka huo, siku nne baada ya askari wa miavuli wa Ubelgiji kuteremka Stanleyville, ambayo sasa ni Kisangani, kiongozi mmoja wa waasi alifika misheni ya Baraka kwa gari. Alimwamuru Bruda Vittorio Faccin apande. Bruda alikataa, akapigwa risasi papo hapo. Padri Luigi Carrara, aliyekuwa kanisani akiungamisha waumini, alitoka, akapiga magoti kando ya maiti ya mwenzake, akauawa hapo hapo. Siku hiyo hiyo, huko Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Abe Albert Joubert, mzaliwa wa upande wa Moba. Wote wanne walitangazwa wenye heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024, katika misa iliyoongozwa na Kardinali Fridolin Ambongo.

Yafaa kukumbuka kwamba siku 41 tu kabla ya mauaji hayo, tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo wa Sita alikuwa amewatangaza Wakatoliki 22 wa Uganda kuwa watakatifu. Hao Kiswahili huwaita mashahidi. Neno hili lina maana mbili: mtu aliyekufa kwa ajili ya dini yake, na mtu aliyeona jambo na kulieleza. Maana hizi hazitengani. Tunajua jinsi Padri Carrara alivyopiga magoti kwa sababu wapo waliomwona na kusimulia. Bila shahidi wa pili, shahidi wa kwanza angesahauliwa.

Hapo ndipo njia ya Bwegera inapomtia msafiri katika mtihani. Kabla hajafika Uvira hupita jirani na Mutarule, ambako usiku wa tarehe 6 Juni 2014 waliuawa watu wasiopungua 30, miongoni mwao waumini waliokuwa wamekusanyika katika ibada. Akiendelea kusini hupita Makobola, ambako wanakijiji wengi waliuawa mwishoni mwa mwaka 1998 na mwanzoni mwa 1999. Wafu hawa hawamo katika orodha ya wenye heri. Kanisa lina kanuni zake, nalo huchunguza kama mtu aliuawa kwa chuki ya imani. Mwanahistoria hana haja ya kubishana nalo. Lakini muumini anayekwenda kusali Baraka huku akiipita Mutarule bila hata kutua moyo, ana la kujiuliza juu ya imani yake mwenyewe.

Kwa maoni yetu, ziara ya mahali patakatifu humdai mgeni zaidi ya kuwasha mshumaa. Humdai aulize majina, asikilize wazee waliobaki, na akirudi kwao aeleze alichosikia. Waliokuwa vijana mwaka 1964 sasa ni wazee sana, na wengi wamekwisha kwenda. Wanafunzi wetu wanaotoka katika bonde hili wanayo lugha ya kuwasikilizia wazee hao na kalamu ya kuandikia. Kazi hiyo ianze sasa, na ianzie vijijini kwao.