Kiswahili cha Wapagazi: Mashimo ya Mfalme Sulemani na Sinema Kongwe za Runinga

Mwalimu mwenzangu, huenda nawe ulikuwa na king'amuzi cha DStv katika miaka ya 2000, au ulitazama kwa jirani, na huenda ulikuwa ukiiruka haraka ile chaneli ya TCM kwa sababu picha zake zilikuwa za kale, nyingine nyeusi na nyeupe, na waigizaji wake wengi walikuwa wamekwisha kuaga dunia. Wengi wetu tuliiruka. Chaneli hiyo ilianzishwa Marekani mwaka 1994 na kampuni ya Turner, ambayo mwaka 1986 ilikuwa imenunua ghala zima la filamu kongwe za MGM. Kwetu Afrika ilidumu hadi 2018, nafasi yake ilipochukuliwa na TNT. Sasa, ndani ya ghala hilo la MGM kulikuwa na filamu ambazo hazikupigwa Hollywood peke yake. Zilipigwa kwetu: Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo na Ruanda. Zikatazamwa dunia nzima, zikasahaulika, kisha zikarudi katika sebule za Machakos mchana wa likizo pasipo mtu kutupigia hodi.

Makala haya yanahusu hasa moja ya filamu hizo, King Solomon's Mines ya mwaka 1950, na jambo moja lililomo ndani yake, nalo ni Kiswahili. Ninadai kwamba mwalimu wa fasihi ya Kiswahili ana sikio la kuhakiki filamu hii ambalo hadhira iliyokusudiwa haikuwa nalo. Mtazamaji wa Chicago au London aliona midomo ya wapagazi ikitikisika. Sisi tunasikia maneno.

Hadithi yenyewe si ngeni kwetu. H. Rider Haggard aliichapisha mwaka 1885, na mwaka 1929 Frederick Johnson na E. W. Brenn wakaitoa kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Johnson ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka uliofuata, kwa hiyo tafsiri hii imesimama mlangoni kabisa mwa historia ya usanifishaji. (Tazama pia neno lenyewe "mashimo". Leo mwanafunzi angeandika "migodi", na nusu ya utamu wa jina ingepotea.) Ni miongoni mwa vitabu vilivyowafundisha Waafrika Mashariki wengi waliosoma kabla ya uhuru jinsi hadithi ndefu ya nathari inavyoweza kujengwa kwa Kiswahili, hata kama mandhari yake ni ya Afrika Kusini na mawazo yake ni ya mzungu wa enzi ya Malkia Victoria.

Ukiiweka filamu kando ya riwaya, mabadiliko ni mengi, na ni zoezi zuri la uhakiki linganishi. Katika riwaya, Sir Henry Curtis anamtafuta ndugu yake. Katika filamu Sir Henry hayupo. Yupo Elizabeth Curtis, ambaye ni Deborah Kerr, akimtafuta mumewe. Gagula, yule ajuza mchawi anayemtisha kila msomaji, amegeuzwa kuwa mwanamume, tena chifu. Huo kwangu ni umaskini mkubwa, maana Gagula ndiye mhusika aliyechongwa kwa ustadi kuliko wote katika kitabu. Na safari haianzii tena kusini. Inaanzia Afrika Mashariki ya Waingereza, mwaka 1897.

Lakini badiliko ninalotaka ulisikilize ni la lugha. Katika Mashimo, Johnson na mwenzake walilazimika kumfanya Quatermain asimulie kwa Kiswahili. Akiwaza, anawaza kwa Kiswahili. Akiogopa, anaogopa kwa Kiswahili. Umbopa naye anajibu kwa lugha ileile, yenye heshima ileile, na Twala pia. Bila kukusudia siasa yoyote, tafsiri iliwaweka bwana na mtumishi katika sarufi moja. Filamu ikaibomoa nyumba hiyo. Hapo Kiingereza ni lugha ya mapenzi, majuto na falsafa ya mauti, na Kiswahili ni lugha ya amri. Quatermain, anayeigizwa na Stewart Granger, anakitumia kuwaelekeza wapagazi, na wapagazi wanakitumia kuitikia. Waongozaji, Compton Bennett na Andrew Marton, hawakuona haja ya kukifasiri kwa mtazamaji. Kilikuwa sehemu ya mandhari, kama twiga.

Hili ndilo linalonisumbua kama mwalimu. Mwanafunzi wetu tayari anaishi katika nchi ambamo Kiswahili ndiyo lugha ya askari wa kituoni, makanga wa stendi na mwajiri anapozungumza na yaya, ilhali mambo yanayoitwa mazito yanahamishiwa Kiingereza. Akiiona filamu hii bila mwongozo, atakuta mgawanyo huohuo umepigwa muhuri mwaka 1950, na hataona kwamba kuna mtu aliyeuchagua. Akiwa na Mashimo mkononi, ataona. Miaka 21 kabla ya filamu, Quatermain huyuhuyu alikuwa amesimulia kurasa na kurasa kwa Kiswahili, na hakuna kilichomshinda kusema.

Turudi kwenye mwaka 1897. Filamu inataka tuamini kwamba ng'ambo ya kambi ya Quatermain kuna bara lisilojulikana na yeyote. Weka mwaka huo juu ya ramani ya mji wetu. Kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga ngome Machakos mwaka 1889, na jina la mji ni la Masaku, ambalo wageni hawakuliweza. Mwaka 1897 John Ainsworth alikuwa bado akisimamia Ukambani kutoka hapa. Makao hayakuhamia Nairobi hadi 1899. Reli ilikuwa imeanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ilikuwa inakuja. Na hao ni wageni tu. Nusu karne kabla yao, misafara ya Wakamba ilikuwa ikipeleka pembe za ndovu pwani. Mfanyabiashara Kivui wa Kitui ndiye aliyempokea Ludwig Krapf mwaka 1849, na ni kutoka huko Krapf alipouona Mlima Kenya mwezi Desemba. Krapf huyohuyo ndiye ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882. Basi katika mistari ile mirefu ya wapagazi inayokatiza kioo cha runinga, "lisilojulikana" lilikuwa halijulikani kwa mtu wa mbele tu. Watu wa nyuma yake walikuwa na baba na babu waliofanya kazi ya njia.

Mhusika wa pili wa kumchunguza ni Khiva. Katika riwaya anakufa akimwokoa Kapteni Good kutoka kwa ndovu. Katika filamu anauawa na risasi ya Van Brun, mzungu mtoro, iliyokuwa imekusudiwa Quatermain. Njia ya kifo imebadilika, kazi ya kifo haikubadilika: mtumishi anakufa ili bwana aendelee na safari. Ukipata nafasi ya kuona Trader Horn ya mwaka 1931, nayo ya MGM, utamkuta Rencharo, mbeba bunduki, ambaye uaminifu wake kwa bwana unampeleka kwenye mwisho huohuo. Mwanafunzi aliyefundishwa wahusika bapa hatahitaji mhadhara. Atauliza mwenyewe kwa nini mtu huyu hana mke, hana deni, hana neno la kumkanya bwana.

Huyo Rencharo aliigizwa na Mutia Omoolu. Jina la kwanza halihitaji kufafanuliwa kwa mwalimu yeyote anayeita rejista ya darasa Machakos. Mutia tunao kila kidato. Kikosi cha W. S. Van Dyke kilipiga picha Afrika Mashariki na Kongo mwaka 1929, kisha Mutia na mwenzake Riano wakapelekwa hadi Hollywood ili sehemu nyingine zipigwe tena huko. Mwafrika aliyeigiza sehemu kubwa katika filamu ya sauti ya Hollywood, zama ambazo baba zetu walikuwa wakilipa kodi ya kibanda, na jina lake hatulifundishi popote. Picha zilizobaki za safari ile hazikutupwa. Zilichomekwa katika Tarzan ya mwaka 1932, nyuma ya Johnny Weissmuller, kwa hiyo watu wa kwetu waliigiza katika filamu ambayo hawakuwahi kuambiwa inatengenezwa.

Angalau Mutia aliandikwa jina tu. Katika King Solomon's Mines, orodha ya waigizaji inatutajia Kimursi "wa kabila la Kipsigi" kuwa Khiva, na Siriaque, Sekaryongo na Baziga "wa kabila la Watusi" kuwa Umbopa, Gagula na Twala. Stewart Granger hakuandikwa kuwa wa kabila la Waingereza. Waonyeshe wanafunzi orodha hiyo na uwaache waijadili. Ni matini fupi kuliko shairi, na ina maudhui ya kutosha kipindi kizima.

Kuhusu Mogambo ya mwaka 1953 nitapita mbio. Ilipigwa na John Ford kwetu na kwa jirani zetu, wakiwemo Wasamburu, Wahaya na Wagenia wa Kongo, na jina lake lilitembezwa kama neno la Kiswahili lenye kuashiria mapenzi makali. Neno hilo hatunalo. Inasimuliwa kwamba mtayarishaji Sam Zimbalist aligeuza herufi moja tu ya Mocambo, klabu ya usiku ya Hollywood. Tulilo nalo sisi ni la mgambo, ambalo likilia lina jambo.

Nimesikia hoja kwamba filamu hizi zinatutukana na hazifai kuingizwa darasani. Ninaiheshimu hoja hiyo. Sanders of the River ya mwaka 1935 ni tusi tupu kwa sehemu kubwa, na Paul Robeson, nyota wake, aliikana baadaye. Lakini miongoni mwa Waafrika waliokodiwa London kujaza jukwaa la filamu hiyo alikuwamo mwanafunzi aliyeitwa Johnstone Kenyatta. Je, tuifiche? Nchi yetu iliongozwa miaka 15 na mtu aliyewahi kulipwa kuvaa kama chifu wa kubuni. Wakati filamu za aina hiyo zilipokuwa zikimsifu Mwafrika mtiifu, watu wa hapa walikuwa na mambo mengine: mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kupinga kunyang'anywa mifugo yao, na akahamishiwa Lamu kwa kosa hilo. Soma mambo hayo mawili katika kipindi kimoja, na Khiva ataanza kuonekana kama kitu alichokihitaji mtu fulani.

Tena hatukuwa wapagazi tu mbele ya kamera. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Tanganyika zilitengenezwa filamu za Kiswahili zilizokusudiwa watazamaji Waafrika, na nyota wa Muhogomchungu alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Humo Kiswahili kinachumbia, kinadanganya, kinajuta. Chaneli za sinema kongwe zimejengwa juu ya maghala ya studio kubwa, na Muhogomchungu haikuwa katika ghala hilo. Ndiyo maana ninaitaja. Katika mji ambao baada ya ugatuzi wa 2013 ulijipa hata jina la Machawood kwa ndoto ya filamu, vijana wanaoandika michezo ya runinga wanastahili kujua kwamba Kiswahili kiliwahi kubeba filamu nzima kabla hawajazaliwa.

Kwa darasa, napendekeza dakika kumi tu za filamu, sauti ikiwa juu, na wanafunzi wanakili kila sentensi ya Kiswahili wanayoisikia, wakionyesha nani anamwambia nani, na kama ni amri, swali au jibu. Kisha wafungue Mashimo na kuhesabu vivyo hivyo kurasa mbili za mazungumzo.

Wakimaliza, wanaweza kutazama ile ngoma ya Watutsi karibu na mwisho. MGM iliipenda kiasi cha kuitumia tena, pamoja na picha nyingine za safari ileile, katika filamu iliyoitwa Watusi, iliyotolewa mwaka 1959. Wachezaji ni walewale wa miaka tisa nyuma. Mwezi Novemba mwaka huo mauaji na uchomaji wa nyumba vilianza Ruanda, na maelfu ya Watutsi wakavuka mipaka kuingia Uganda, Kongo, Burundi na Tanganyika.