Hofu ya kelele kwa mbwa

Hofu ya kelele ni hali ya mbwa kushikwa na woga uliopita kiasi anaposikia sauti kubwa au ya ghafla, hasa ngurumo za radi, fataki na milio ya bunduki. Mshtuko wa kawaida hupita upesi. Hofu hii hudumu hata baada ya kelele kwisha, na aghalabu huzidi kadiri tukio linavyojirudia. Utafiti uliofanywa Finland na kuchapishwa mwaka 2020, uliohusu mbwa zaidi ya 13,000, ulionyesha kuwa takriban theluthi moja yao waliogopa kelele.

Dalili. Mbwa hutetemeka, hutweta, hudondokwa na mate, hujificha au hutoroka. Wengine huvunja meno na kung'oa kucha wakilazimisha kupenya mlangoni.

Athari mwilini. Woga huzifanya tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini na kotisoli. Moyo hudunda kwa kasi, shinikizo la damu hupanda na tumbo huvurugika. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Nancy Dreschel na Douglas Granger, waliwasikilizisha mbwa wenye hofu ya radi sauti za dhoruba zilizorekodiwa. Kotisoli katika mate yao ilipanda kwa zaidi ya asilimia 200, na dakika 40 baadaye ilikuwa haijashuka hadi kiwango chake cha awali. Kotisoli ikikaa juu kwa muda mrefu hudhoofisha kinga ya mwili.

Uhusiano na maumivu. Maradhi nayo huweza kuzaa hofu. Mbwa mwenye maumivu ya viungo au misuli akishtuka, mwili hukakamaa na maumivu huongezeka, naye huyahusisha na sauti aliyoisikia. Kwa hiyo, hofu inayoanza ukubwani ni sababu ya kumpima mbwa maumivu.

Matibabu. Wakati wa kelele, mbwa huwekwa katika chumba tulivu kilichofungwa madirisha na mapazia. Siku nyingine huzoezwa kwa sauti zilizorekodiwa, kuanzia ya chini kabisa, huku akipewa kitoweo anachokipenda. Daktari wa mifugo anaweza kuagiza dawa, mfano jeli ya deksmedetomidini inayopakwa kwenye ufizi. Asepromazini pekee haifai, kwani hulegeza mwili bila kuondoa woga. Kumchapa au kumkaripia mbwa huongeza hofu: huu ni ugonjwa wa kutibiwa, si utundu.