Karatasi Mbili za Piper Alpha: Lugha katika Historia ya Uchambuzi wa Vihatarishi vya Mafuta na Gesi

Historia ya uhandisi wa mafuta na gesi huandikwa kwa kawaida kama historia ya chuma na shinikizo. Makala hii inaitazama kwa upande mwingine, yaani kama historia ya maandishi: vibali, fomu, madaftari ya zamu na ripoti ambamo wahandisi wamejaribu kuitia hatari katika maneno na tarakimu kabla haijawafikia. Suala hili si geni kwa Afrika Mashariki. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, limepangwa kuvuka nchi mbili ambazo mafundi, walinzi na wanavijiji wake huzungumza lugha nyingi, na Kiswahili ndicho kinachoweza kuwakutanisha wengi wao.

Chimbuko la hesabu za vihatarishi haliko katika mafuta. Mwaka 1962 wahandisi wa Bell Laboratories nchini Marekani walibuni mchoro wa mti wa hitilafu ili kuchunguza mfumo wa kurushia kombora la Minuteman. Mchoro huo huanza na janga lenyewe kileleni, kisha hushuka tawi kwa tawi ukiuliza ni kitu gani kilipaswa kuharibika ili janga litokee. Mwaka 1975 ripoti iliyoongozwa na Norman Rasmussen iliutumia kwa vinu vya nyuklia. Miaka mitatu baadaye serikali ya Uingereza ilichapisha uchunguzi wa viwanda na maghala ya mafuta ya Canvey, karibu na mto Thames, na hapo wakazi wa kawaida wakaanza kuhesabiwa katika milinganyo.

Baharini, mabadiliko yaliletwa na msiba. Tarehe 27 Machi 1980 jukwaa la Alexander L. Kielland lilipinduka katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norway, na watu 123 kati ya 212 waliokuwamo wakafa. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye kiungo kidogo cha kuchomelea kilichoshikilia kifaa cha kusikilizia sauti za majini. Ukakua polepole hadi mhimili mmoja ukakatika, na mguu mmoja wa jukwaa ukang’oka. Mwaka uliofuata, mamlaka ya petroli ya Norway ilitoa mwongozo uliotaka kila usanifu mpya uthibitishe kwamba aina yoyote ya ajali ambayo jukwaa haliwezi kuihimili haina uwezekano unaozidi 1 kwa 10,000 kwa mwaka. Katika kipindi hicho hicho kampuni za mafuta zilianza kukusanya pamoja kumbukumbu za kuharibika kwa pampu, valvu na vigunduzi vya gesi katika mradi wa OREDA, uliotoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1984. Ilikuwa hatua kubwa: kampuni zinazoshindana zilikubali kuonyeshana udhaifu wa mitambo yao.

Hata hivyo, tarakimu hizo zilihusu mitambo. Piper Alpha ilionyesha kwamba karatasi nazo huharibika.

Jukwaa hilo lilisimama takriban kilomita 190 kaskazini-mashariki ya Aberdeen, Uskoti. Lilianza kutoa mafuta mwaka 1976, na baadaye likaongezewa mitambo ya gesi ambayo usanifu wa awali haukuikusudia. Kuta zake zilijengwa kuzuia moto, si mlipuko. Tarehe 6 Julai 1988 mafundi wa mchana waliondoa valvu ya usalama ya pampu A, mojawapo ya pampu mbili za kusukuma gesi iliyogeuka kimiminika, ili waipime upya. Kazi haikuisha kabla ya zamu kumalizika. Mahali pa valvu palizibwa kwa bamba la chuma ambalo halikukazwa kiasi cha kuzuia uvujaji, na palikuwa juu, mbali na macho ya mtu aliyesimama kwenye pampu.

Kulikuwa na vibali viwili. Kimoja kilihusu matengenezo makubwa ya pampu A, ambayo yalikuwa hayajaanza. Kingine kilihusu valvu. Havikuunganishwa, wala hapakuwa na kanuni ya kulazimisha kwamba anayekiona kimoja akione na cha pili. Muda mfupi kabla ya saa 4 usiku pampu B ilizimika na haikuwaka tena. Watu wa zamu ya usiku walijua habari ya kibali cha matengenezo, na kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa haijaanza waliona hakuna kizuizi cha kuirudisha pampu A kazini. Habari ya valvu haikuwa imewafikia katika makabidhiano ya zamu. Waliiwasha. Gesi ilivuja, na mlipuko wa kwanza ukatokea yapata saa 4 kamili.

Yaliyofuata yalikuwa mlolongo ambao mti wa hitilafu ungeweza kuuchora. Pampu za maji ya kuzimia moto zilikuwa zimetolewa kwenye hali ya kujiwasha zenyewe ili kuwalinda wapiga mbizi. Majukwaa jirani ya Tartan na Claymore yaliendelea kusukuma mafuta huku moto ukionekana kwa macho. Dakika 20 hivi baada ya mlipuko wa kwanza, bomba la gesi kutoka Tartan lilipasuka. Watu 167 walikufa, wakiwamo waokoaji 2. Waliosalimika ni 61. Wengi wa waliokufa walikuwa wamekusanyika katika jengo la malazi wakisubiri maelekezo, na moshi ukawakuta humo.

Linalosumbua zaidi ni kwamba onyo lilikuwapo. Septemba 1987 mfanyakazi mmoja alikufa katika jukwaa hilo hilo, na upungufu wa mfumo wa vibali na wa makabidhiano ya zamu ukabainika. Ripoti ya Jaji Cullen, iliyotolewa Novemba 1990 ikiwa na mapendekezo 106, haikuishia kwenye valvu. Iliwalaumu viongozi walioridhika kwamba mfumo uko sawa kwa kuwa hawakuletewa habari mbaya. Kutokana nayo, kanuni za mwaka 1992 zilimtwisha mwendeshaji wa mtambo wajibu wa kuandika hoja kamili ya usalama na kuitetea mbele ya mdhibiti, badala ya kukaguliwa tu kama ametimiza orodha ya masharti.

Ikiwa uhai ulitegemea karatasi, basi istilahi si pambo. Kiswahili kina kazi ya kufanya hapa, na si ndogo. Neno “kibali cha kazi” linafaa kwa karatasi iliyowaangusha watu wa Piper Alpha, lakini Dar es Salaam, Nairobi na Kampala neno hilo lina maana nyingine: ni hati ya mgeni anayetaka ajira. “Kibali cha kuanza kazi” hakijafaa kikamilifu, kwa sababu karatasi hiyo hufunga kazi vilevile kama inavyoifungua.

Neno “kihatarishi”, lililoenea katika nyaraka za serikali ya Tanzania, lina utata mzito zaidi. Kwa umbo lake ni kitu kinachohatarisha, kama gesi iliyobanwa ndani ya bomba. Katika nyaraka hizo, hata hivyo, hutumika pia kwa kipimo cha uwezekano wa madhara pamoja na ukubwa wake. Mhandisi hawezi kuchanganya mambo hayo mawili: gesi itabaki kuwa gesi, ila uwezekano wake wa kuua unaweza kupunguzwa. Afadhali “kihatarishi” kibaki kwa kitu chenyewe, na kipimo kiitwe “kiwango cha hatari”.

Lipo pia jozi la “utegemevu” na “utegemezi”, linalotenganishwa na silabi ya mwisho tu. Pampu mbili, kila moja ikiwa na uwezekano wa 1 kwa 100 wa kukataa kuwaka, zitakataa zote kwa uwezekano wa 1 kwa 10,000, mradi hazitegemei kitu kimoja. Zikitegemea umeme mmoja, fundi mmoja au daftari moja la zamu, hesabu hiyo ni uongo. Utegemezi huua utegemevu, na bahati njema Kiswahili kinaweza kulisema hilo kwa mzizi mmoja.

Tarehe 12 Septemba 2011, katika mtaa wa Sinai jijini Nairobi, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba ilitiririka kwenye mfereji, na wakazi wakaichota kwa ndoo na madumu. Moto ulipolipuka, watu wapatao 100 walikufa. Katika ripoti za wahandisi watu wa namna hiyo huitwa wahusika wa nje, ingawa nyumba zao zilikuwa hatua chache kutoka kwenye bomba. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na BAKITA zina kamusi nyingi za kusimamia. Orodha ya maneno ya kibali, ya makabidhiano ya zamu na ya tangazo la kuwahamisha wakazi ingetosha kurasa chache, na ingefaa ikamilike kabla mafuta ya Hoima hayajafika Chongoleani.