Magomvi ya Ndani ya TANU, Tabora 1958

Wasikilizaji wa Rudewa na Kilosa, wako wadhanio kwamba chama ni kauli moja. Sivyo. Mwezi wa Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora, wakabishana vikali juu ya kura tatu, yaani sheria iliyomlazimisha kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu pamoja. Wengi waliona ni dharau, heri kususia. Mwalimu Nyerere akajibu kwamba asusiaye huwaachia wapinzani viti. Hoja yake ikashinda. Zuberi Mtemvu akajitenga, akaunda African National Congress. Nami simbezi: uchungu wake ulikuwa wa wengi mkutanoni. Lakini mwaka 1962, alipowania urais, alipata kura elfu 21 tu na ziada. Nyerere zaidi ya milioni 1.